Futuro simple: njeo sahili ya wakati ujao

Kihispania kina umbo la kitenzi liitwalo futuro simple, ambalo aghalabu hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa "wakati ujao", basi. Tafsiri hiyo inachanganya umbo na wakati wenyewe. Anayesema serán las tres hatabiri lolote. Anakisia kwamba sasa hivi ni saa tisa, kama nasi tusemavyo "itakuwa saa tisa". Naye asemaye mañana hablo con él anazungumzia kesho kwa umbo la wakati uliopo. Ndiyo maana istilahi inahitaji neno njeo, ambalo wanaisimu wetu wanalo tayari.

Neno "sahili" ndilo litakalozua ubishi. Usahili uko wapi, ataulizwa mtu, ikiwa hablaré ni kitenzi-jina hablar kilichogandishwa he, yaani "nina", ya kitenzi haber? Hoja hiyo ina uzito. Mwanasarufi Nebrija aliieleza katika sarufi yake ya Kihispania ya mwaka 1492, na Kihispania cha kale kiliweza hata kupenyeza kiwakilishi katikati: dar lo he, "nitaitoa". Lakini msemaji wa leo hasikii tena maneno mawili, kama sisi tusivyosikia taka ndani ya -ta-, ingawa "atakayekuja" bado inaifichua. Isitoshe, sahili hapa si rahisi. Ni kinyume cha umbo lenye kitenzi kisaidizi, kama habré hablado, "nitakuwa nimesema".

Kwa vitenzi vya kawaida, uundaji wenyewe hauna makuu: kitenzi-jina kinabaki kizima, kiwe cha -ar, -er au -ir, kisha kinapokea -é, -ás, -á, -emos, -éis au -án. Hablaré, comeré, viviré. Kazi iko kwenye mkazo. Ulimi wa Mswahili umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hablaremos pekee ndiyo inayotoka salama, nayo haina alama ya mkazo. Wapo wanaoiona alama hiyo kuwa pambo la maandishi tu. Sivyo: hablará ni "atasema", ilhali hablara, mkazo ukirudi nyuma silabi moja, ni dhamira tegemezi ya wakati uliopita, kama katika le pedí que hablara, "nilimwomba aseme". Anayeandika kitabu cha Kihispania kwa Waswahili aufundishe mkazo huo katika somo la kwanza la njeo hii, asiuachie tanbihi.