Yeftha na Mbegha: Kusoma Kitabu cha Waamuzi Kando ya Mto Pangani

Utangulizi

Mto Pangani ufikapo Hale huacha mwendo wake wa taratibu na kuanza kuporomoka kuelekea baharini. Watu wengi huijua Hale kwa kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1964, kwa mashamba ya mkonge, na kwa reli ya Tanga. Lakini kwa mwanafunzi wa historia Hale ni mpaka. Kusini ya mto ni Uzigua, nchi inayoenea hadi Handeni na kuipita. Upande wa mashariki ni Bonde. Na kaskazini-magharibi huinuka milima ya Usambara. Kizigua, Kibondei na Kisambaa ni lugha za ukoo mmoja, na wasemaji wake husikilizana. Hata hivyo kila mmoja hutambulikana mara afunguapo kinywa chake.

Mtumishi anayesimama mahali kama hapo na kusoma Waamuzi 11 na 12 hasomi mbele ya watu wasio na habari zao wenyewe. Habari ya shujaa aliyefukuzwa na ndugu zake, kisha akaitwa na wazee wa watu awe mkuu wao, wameisikia tangu utotoni. Wanaijua kwa jina la Mbegha. Makala hii inakusudia kuzisoma habari hizo mbili kwa pamoja, si kwa kuonyesha kwamba zinafanana tu, bali kuuliza jambo ambalo mhubiri hana budi kuliuliza: je, habari ya shujaa husimuliwa kwa faida ya nani?

Mbegha, mwindaji aliyekataliwa

Habari ya Mbegha iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi lAjjemy, mtu wa pwani aliyewafahamu kwa karibu jamaa wa Semboja. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapishwa kwa sehemu na Waanglikana wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikatolewa tena mwaka 1962. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Mbegha alitoka Ngulu. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa desturi za wakati ule mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi wa ukoo. Wazazi wake walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu hiyo. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akakaa Kilindi, na huko nako ikambidi akimbie baada ya kijana wa mkuu wa mahali pale kuuawa na nguruwe walipokuwa wakiwinda pamoja. Akapita maporini, akapanda milima ya Usambara, akawagawia watu nyama nao wakampa vyakula vya mashambani. Aliwaua nguruwe walioharibu mazao, akaamua mashauri kwa haki, na alipokuwa akielekea Vugha akamwua simba. Watu wa Vugha wakamtawaza, na watawala wa uzao wake wakaitwa Simba Mwene.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka 1974, aliichunguza habari hiyo kwa makini. Alikiri kwamba nyuma yake yamo mambo yaliyotukia kweli, yapata nusu ya kwanza ya karne ya 18. Lakini alionyesha pia kwamba habari yenyewe imepangwa ili kueleza maana ya ufalme: mtu wa porini anakuwa mtu wa mji, nyama inakutana na chakula cha shamba, na nguvu ya kuua inageuzwa kuwa nguvu ya kuilinda nchi. Kwa maneno mengine, masimulizi haya ni hati ya utawala. Kila aliyeyakubali alikubali pia kwamba Wakilindi wanastahili kutawala.

Yeftha, mwana aliyefukuzwa

Tukimgeukia Yeftha tunaona mwanzo ule ule. Alikuwa shujaa, ila mama yake alikuwa kahaba, na ndugu zake wakamfukuza asirithi katika nyumba ya baba yao (Waamuzi 11:1-3). Alikaa katika nchi ya Tobu pamoja na watu wasio na kwao. Waamoni walipoleta vita, wazee wa Gileadi wakamwendea. Naye akawakumbusha, kwa haki kabisa, kwamba ni wao waliomchukia. Kisha wakapatana: akishinda atakuwa kichwa chao.

Hapa yafaa tulitazame neno lenyewe “mwamuzi”. Kwa vijana wengi mwamuzi ni yule mwenye filimbi katika mchezo wa mpira. Neno la Kiebrania, shofeti, lina upana zaidi: ni mtu anayetawala, anayekata mashauri, na anayerudisha haki iliyoharibika. Katika kitabu chote Debora ndiye anayeonyeshwa waziwazi akiketi na kuamua mashauri ya watu (4:4-5). Othnieli na Ehudi wanaitwa waokozi (3:9, 15). Msikilizaji anayejua jinsi Mbegha alivyopokewa kwa sababu ya nyama, simba na mashauri yaliyoamuliwa kwa haki, hatapata shida kuelewa upana wa neno hilo. Katika jambo hili simulizi la nyumbani ni mwalimu mzuri wa Agano la Kale.

Mahali njia zinapoachana

Lakini kufanana huko kusitupofushe. Simulizi la Mbegha hufika kilele katika kutawazwa kwake. Habari ya Yeftha haiishii hapo. Tangu hapo inashuka. Baada ya Roho ya Bwana kumjia (11:29), Yeftha anaweka nadhiri ambayo hakuna aliyemwomba. Anashinda, anarudi nyumbani, na anayetoka kumlaki kwa matari na kucheza ni binti yake wa pekee. Wako wafasiri, hasa tangu Daudi Kimchi, mwalimu wa Kiyahudi wa zama za kati, waliofikiri kwamba binti huyo aliwekwa tu asiolewe. Luther, katika maelezo aliyoandika pembeni mwa tafsiri yake, aliona kwamba maneno ya Maandiko ni wazi na hayatupi ruhusa ya kuyalainisha. Nakubaliana naye. Sheria ilikataza kumteketeza mtoto (Kumbukumbu 12:31), na tena iliruhusu mtu aliyewekewa nadhiri akombolewe kwa fedha (Lawi 27:1-8). Katika Mwanzo 22 sauti ya Mungu ilimzuia Ibrahimu. Hapa hakuna sauti inayosikika. Baba anamlaumu binti kwa kumletea taabu, na hakuna kuhani wala mzee wa Gileadi anayesimama kumtetea. Wanaomkumbuka ni binti za Israeli, siku nne kila mwaka (11:40).

Kisha inakuja habari ya vivuko vya Yordani. Waefraimu walimlaumu Yeftha kwamba hakuwaita vitani. Gideoni aliwahi kulaumiwa na watu hao hao, akawatuliza kwa jawabu la upole (8:1-3). Yeftha alichukua upanga. Aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke “Shibolethi”. Aliyesema “Sibolethi” aliuawa, na kitabu kinataja watu 42,000 (12:6). Ndugu walitambuana kwa lugha, na utambuzi huo ukawa hukumu ya kifo.

Kwa nini Israeli iliyahifadhi mambo haya? Wataalamu, tangu Martin Noth alipotoa kazi yake mwaka 1943, wamekubaliana kwa sehemu kubwa kwamba vitabu vya Kumbukumbu hadi Wafalme vilipata umbo tulilo nalo katika mikono ya watu waliokwisha kuona Yerusalemu ukianguka. Walirithi habari za kale za mashujaa, na baadhi yake, kama wimbo wa Debora, ni za kale sana. Lakini hawakuzisimulia ili kusifu ukoo unaotawala, maana hapakuwa na ukoo uliobaki kutawala. Walizisimulia kama maungamo. Ndiyo maana kadiri kitabu kinavyoendelea waamuzi wanazidi kuharibika, toka Othnieli hadi Samsoni, na mwishoni hata mwamuzi hayupo, kila mtu anafuata apendavyo (21:25).

Nguvu kwa nguvu

Historia ya nchi yetu inatuonyesha kinachotokea hati ya utawala inapokosa maungamo. Ludwig Krapf alipofika Vugha mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alimkuta Kimweri ya Nyumbai akiwa na mamlaka yaliyofika hadi karibu na pwani. Kimweri alipokufa, yapata mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara na kupata bunduki, alipigana na Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi Vugha. Mnamo mwisho wa miaka ya 1860 Wabondei waliwaasi Wakilindi; uasi huo unakumbukwa kwa jina la Kiva. Pande zote zilikamata watu na kuwauza pwani. Wasambaa wenyewe wana maneno ya hali hiyo. Mtawala mwenye nguvu isiyo na mpinzani huweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Lakini zinaposhindana nguvu kwa nguvu, mvua hukosa, njaa huja, nayo ndiyo kubana shi.

Kwa hiyo Mbondei au Mzigua aliye katika ibada huko Hale hasikii habari ya Simba Mwene kama Msambaa wa Vugha aisikiavyo. Mhubiri asemaye tu kwamba Yeftha ni kama Mbegha, mtu aliyekataliwa akainuliwa, atawafurahisha baadhi na kuwanyamazisha wengine. Kama haendelei hadi kwa binti na hadi kivukoni, atakuwa ameligeuza Neno la Mungu kuwa hati ya utawala.

Shibolethi iliyogeuzwa

Tunao mfano mmoja zaidi karibu nasi. Katika njaa kubwa za karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Uzao wao ulikaa katika bonde la mto Juba, nao waliitunza lugha ya Kizigua kwa vizazi kadhaa. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania kwa bahari, na wengi wakapelekwa Handeni, baadaye katika makazi ya Chogo. Wenyeji waliwasikia wageni wakisema lugha ya babu zao. Mwaka 2014 wengi wao walipokea uraia wa Tanzania. Penye Yordani matamshi yalikuwa sababu ya kuuawa. Handeni yalikuwa ushuhuda wa undugu. Sisemi kwamba kila mgeni alipokewa vema kila siku. Nasema kwamba chombo kile kile, lugha, chaweza kumfungia ndugu mlango au kumfungulia, na anayeamua ni yule anayesimama kivukoni.

Hitimisho

Waebrania 11:32 humtaja Yeftha miongoni mwa mashujaa wa imani. Baadhi ya wahubiri hutumia aya hiyo kumsafisha. Sisi Walutheri tunayo njia nyingine ya kuielewa: mwenye haki ambaye papo hapo ni mwenye dhambi. Imani ya Yeftha haiifanyi nadhiri yake kuwa njema, wala dhambi yake haimzuii Mungu kuwaokoa watu wake kwa mkono wake. Ushindi ulikuwa umekwisha kutolewa kwa neema, na nadhiri ilikuwa jaribio la kuununua.

Katika sharika zetu yapo majaribu ya namna hiyo hiyo. Yupo mzee anayemwozesha binti kwa sababu alikwisha kutoa neno, na akiulizwa hujibu kwamba neno la mwanamume halirudi. Yupo kiongozi anayehesabu washarika kwa matamshi yao wakati wa uchaguzi. Wote wawili waweza kumtaja Yeftha kuwa shahidi wao. Kazi ya mtumishi ni kuisoma habari hadi mwisho wake, akiwapa nafasi wale ambao simulizi la ushindi huwasahau: binti aliyetoka na matari, na mtu wa Efraimu aliyesimama majini akijaribu kutamka neno moja.

Mkombozi tunayemhubiri naye alikataliwa na watu wake. Lakini hakumtoa mtoto wa mtu mwingine kuwa sadaka, alijitoa mwenyewe. Wala hakusimama kivukoni kuwachuja ndugu kwa ndimi zao, maana siku ya Pentekoste kila mtu alisikia habari njema katika lugha yake. Kwa kipimo hicho Mbegha na Yeftha, na sisi tunaosimulia habari zao, hatuna budi kupimwa.