Barometa Iliyopanda Moiben: Hoja Dhidi ya Kuzirudisha Ala za Kale London

Itundike ukutani, Moiben, barometa ya Kiingereza ya karne ya 18, ile ndefu ya mkangazi yenye mrija wa zebaki, kisha usogee uisome. Hutaona kitu. Kidirisha chenye bamba la vipimo kitakuonyesha kioo kitupu, kwa sababu zebaki imeshuka chini yake na kujificha ndani ya mbao. Atakayeiona hivyo ataapa kwamba mrija umepasuka. Haukupasuka. Ala inaipima hewa ya Moiben kwa uaminifu kamili; tatizo ni kwamba aliyechonga kidirisha kile hakuwahi kufikiria kuwa kuna watu wanaolima, wanaozaa na kuzeekea mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi hiki.

Hesabu yake ni fupi. Tangu Evangelista Torricelli aligeuze jaribio la mrija wa zebaki kuwa kipimo cha hewa miaka ya 1640, imejulikana kuwa kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari huinua zebaki kiasi cha inchi 30. Barometa ya sebuleni London iliandikwa vipimo kuanzia inchi 27 au 28 hadi 31, na kando ya tarakimu yakawekwa maneno: chini kabisa tufani, juu yake mvua kubwa, kisha mvua, mabadiliko, hali njema, hali njema ya kudumu, na kileleni ukavu mwingi. Moiben, kwenye uwanda wa Uasin Gishu nchini Kenya, iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Hapo zebaki husimama kwenye inchi 23 na ushei. Kwa lugha ya bamba lile, wakazi wa Moiben wanaishi mwaka mzima inchi tano hivi chini ya tufani mbaya kuliko zote. Na wakimbiaji wa Ulaya hulipa nauli kuja Iten, jirani tu, kuifuata hewa hiyo hiyo.

Barometa ya duara, ile yenye umbo la gambusi, hupotea kwa namna nyingine. Mshale wake ukiachwa huru utaipita tufani, na kwa kuwa duara halina mwisho, waweza kuendelea kuzunguka hadi ukatua popote, hata penye ukavu mwingi.

Nimeanza na kichekesho hiki kwa sababu ndani yake mna swali ambalo wakusanyaji wa vitu vya kale nchini hawajalikabili. Kanuni yao kuu, waliyoipokea pamoja na vitabu vya bei vya minada ya Uingereza, ni uasilia. Saa au barometa ina thamani kadiri ilivyobaki kama ilivyotoka mikononi mwa fundi wake: kamani ile ile, bamba lile lile, bila tundu la skurubu ambalo fundi hakulitoboa. Kila badiliko hupunguza bei, na fundi mrekebishaji husifiwa kwa kulifuta. Hoja yangu ni kwamba kanuni hii, ikitumiwa kwa ala zilizopanda nyanda za Uasin Gishu, inafuta jambo pekee linalozitofautisha na maelfu ya ndugu zake zilizobaki Uingereza.

Tukumbuke zilivyofika. Mwaka 1908 Makaburu wa msafara wa Van Rensburg walitoka Nakuru na magari ya ng'ombe, wakapanda hadi uwanda huu uliokuwa umekatwa vipande vya ardhi vyenye nambari. Kwenye shamba nambari 64 kikaota kituo ambacho mwaka 1912 kilipewa jina la Eldoret, ingawa wenyeji waliendelea kukiita Sisibo, nambari ile ya Kiingereza ikiwa imelainishwa kwa ulimi wa Kikalenjin. Walowezi wa Kiingereza wakafuata. Reli haikufika hadi 1924. Kwa hiyo chombo chochote chenye mrija wa zebaki kilichofika kabla ya hapo kilibebwa kwa gari la ng'ombe kwenye njia ya matope, na atakayekikuta leo hana budi kustaajabu kwamba kilifika.

Kikishafika, mwenyewe alikuwa na njia mbili: akiache kiwe pambo, au akilazimishe kufanya kazi. Atakayekilazimisha hana budi kukijeruhi. Bamba la vipimo litashushwa, na tundu za skurubu za zamani zitabaki wazi juu yake. Tarakimu mpya zitakwaruzwa kwa ncha ya kisu. Kwenye aneroidi, barometa isiyo na zebaki iliyobuniwa na Mfaransa Lucien Vidie miaka ya 1840, kuna skurubu ndogo mgongoni inayosogeza mshale, lakini ilikusudiwa kusahihisha kosa dogo. Kuivusha inchi sita na zaidi ni kuiomba kazi isiyo yake, na mara nyingi itabidi kasha lifunguliwe. Ndani ya kasha hilo ndimo penye historia ya Moiben. Mrekebishaji mwenye kanuni ya uasilia akilifungua, kazi yake ya kwanza ni kuiondoa.

Saa ya pendulumu ina kisa chake, nacho ni kizito zaidi kwa sababu kosa halionekani kwa macho. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta ikichelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku ikilinganishwa na Paris. Edmond Halley alikutana na jambo hilo hilo katika kisiwa cha St Helena miaka michache baadaye. Isaac Newton alilifanya kuwa ushahidi kwamba dunia si mviringo kamili: imetuna kwenye ikweta, na hapo mvutano wake ni dhaifu kidogo. Moiben ina sababu mbili za kudhoofisha mvutano huo, ukaribu na ikweta na kimo. Saa ndefu ya kusimama iliyorekebishwa London, yenye pendulumu ya sekunde moja, ikifungwa hapo itachelewa zaidi ya dakika mbili na nusu kwa siku. Kwa juma zima ni dakika 18 au 19. Dawa yake ni kuinua uzito wa pendulumu karibu milimita 4, kwa kuzungusha nati iliyo chini yake.

Milimita 4! Mkusanyaji hupita juu ya jambo hili bila kuligusa, kwa sababu nati huzungushwa kila saa inapohamishwa na hakuna anayeihesabu kuwa badiliko. Lakini fito za pendulumu hupata alama, kutu hukaa pale nati ilipokaa miaka mingi, na uzi wa skurubu hulika mahali pamoja kuliko pengine. Anayejua kusoma ataona kwamba saa hii iliwahi kuishi juu, karibu na ikweta, kwa muda mrefu, hata kama hati za mauzo zimepotea. Sijui ushahidi mwingine wa makazi ya chombo ulio mwaminifu kuliko huu, maana haukuandikwa na mtu yeyote aliyetaka kuuza.

Baada ya kani za dunia kuna amri za serikali. Kati ya 1908 na 1942 saa rasmi ya Kenya ilibadilishwa mara kwa mara kwa namna ambayo leo inafurahisha: kwanza saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, mwaka 1928 ikasogezwa kuwa saa tatu, mwaka 1930 ikarudishwa mbili na nusu, mwanzoni mwa 1937 ikawa mbili na dakika 45, na tangu Agosti 1942 ikatulia kwenye tatu. Wakati wa jua wenyewe wa Moiben hauzidi mbili na dakika 22. Kwa hiyo hadi leo jua linafika utosini huko saa sita na dakika thelathini na kitu, na maneno tunayowafundisha wageni, kwamba saa ya Kiswahili huanza na mawio, hayashiki sawasawa uwandani: saa kumi na mbili asubuhi bado kuna giza.

Saa hiyo ya Kiswahili ndiyo iliyonifundisha tofauti ya aina mbili za kumiliki chombo. Pwani, saa za kigeni zilikuwa fahari ya nyumba kubwa muda mrefu kabla ya mlowezi wa kwanza kuuona Uasin Gishu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 anazitaja miongoni mwa mapambo ya nyumba za Unguja. Mnara wa saa wa jumba la Beit al-Ajaib huko Unguja, uliounganishwa na jumba hilo baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 na ulioanguka Desemba 2020, ulijulikana kwa kufuata saa za Kiswahili. Huko mtu aliweza kuizungusha mishale saa sita nzima na saa ikawa yake. Bara tulichagua njia nyingine, nayo ni ya ajabu tukiitazama vizuri: mshale mfupi unaelekeza saba, mdomo unasema moja. Tarakimu ya Kiingereza imeachwa pale pale na badiliko limehamia kwenye jicho la msomaji. Halina tundu la skurubu, wala mrekebishaji hawezi kulifuta. Pia haliwezi kuwekwa kwenye makumbusho.

Hapo ndipo sheria inapotuangusha. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake huku. Tokeo lake ni kwamba kikombe cha bati kilichoshushwa Lamu 1890 kina hadhi ambayo saa ya fundi wa Kiingereza Thomas Tompion, aliyefariki 1713, haingekuwa nayo kama ingepandishwa Moiben mwaka 1912. Sheria hiyo hiyo inakinga fremu za milango iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya 1946, na ni vyema ifanye hivyo. Waziri amepewa mamlaka ya kutangaza vitu vingine, lakini hakuna anayetegemea tangazo la barometa. Ala za walowezi zimeachwa sokoni, na sokoni mwalimu ni kitabu cha bei kutoka London.

Najua litakaloulizwa: kwa nini tuhangaike na vyombo vya walowezi, waliokalia ardhi ambako watu wengine walikuwa wakichunga ng'ombe? Sina haja ya kumtetea mlowezi. Ninachosema ni kwamba bamba lililoshushwa ni kumbukumbu ya kushindwa kwake: alikuja na kipimo, mahali pakakikataa, akalazimika kukitoboa. Kukirudisha kwenye uasilia ni kumfanyia hisani ambayo hakuiomba, kwa kufuta ushahidi kwamba uwanda huu ulimshurutisha. Na hata huo Uingereza wa ala hizi una matundu yake. Henry Negretti, ambaye jina lake liko kwenye barometa nyingi zinazouzwa kama mfano halisi wa ufundi wa Kiingereza, alizaliwa Como, Italia, kama walivyotoka kaskazini mwa Italia mafundi wengi wa kioo waliofungua maduka London.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kama kila badiliko ni historia, je, fundi anayeng'oa mtambo wa shaba na kutia wa betri ameongeza historia pia? Hapa nakiri kwamba mpaka wangu si mnyoofu. Nadhani mtu aliyeinua uzito wa pendulumu alikuwa akijadiliana na mtambo ule, na anayetia betri ameufukuza na kubakiza kasha. Lakini kuna nyumba ambazo saa ya betri ndani ya kasha la zamani ndiyo iliyoamsha watoto kwenda shule kwa miaka 30, nami sitathubutu kuwaambia wenyewe kwamba hiyo si saa. Ningewaomba tu mtambo ule wa shaba usiuzwe kwa kilo. Zebaki ni suala jingine kabisa: mrija uliopasuka ni sumu ndani ya nyumba, na hakuna hoja ya uasilia wala ya historia inayostahili kusikilizwa mbele ya hilo.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji bunge. Kabla ya skurubu yoyote kuguswa, ipimwe na kuandikwa: nati iko uzi wa ngapi, bamba limeshuka inchi ngapi, tundu zipo wapi. Katalogi itaje mahali ala ilipoishi kabla ya kutaja fundi aliyeitengeneza.

Na barometa iachwe ifanye kazi inayoiweza. Mvua ya Moiben huja kwa ngurumo za alasiri, mawingu yaliyopikwa na joto la siku hiyo hiyo, na zebaki haiwezi kuitabiri. Mkulima anayengoja kupanda mahindi hana cha kuiuliza. Lakini karibu na ikweta kanieneo ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu ambao dhoruba haiuvurugi: huwa juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, tofauti ikiwa hektopaskali tatu hivi. Alexander von Humboldt, aliyezunguka Amerika ya tropiki kati ya 1799 na 1804, aliona utaratibu huo ni thabiti kiasi kwamba mtu angeweza kukisia saa kwa kutazama zebaki tu, akikosea wastani wa dakika 15 hadi 17. Kwa kipimo hicho, ile saa ya kusimama iliyotoka London na kuachwa juma moja bila kurekebishwa imeshindwa na barometa iliyo ukutani mkabala nayo. Jioni, zebaki itakaposhuka unywele mmoja ndani ya mbao, chini ya tufani, chini ya kila neno lililochongwa pale, Moiben itakuwa saa kumi.