Ugali Mweupe Si wa Kiasili, na Kariakor Ndiyo Shahidi

Wadau, leo tuanze na bango. Nairobi hii karibu kila mtaa uko na hoteli imeandikwa "Vyakula vya Kiasili." Ingia usome menyu: ugali, sukuma wiki, githeri, kuku wa kienyeji, nyama choma. Ukitaka ugali wa wimbi, unaongeza pesa. Ukitaka managu badala ya sukuma, unaongeza tena. Yaani kile cha kiasili kweli kinauzwa kama cha ziada, na kile kilichokuja juzi kimekaa katikati ya sahani kama mwenye boma.

Hoja yangu ni moja: ugali mweupe si chakula cha mababu, ni chakula cha kibarua. Kabla hujanitusi, soma hadi mwisho. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sikuja hapa na digrii ya historia. Nimekuja na tarehe, na unaweza kuzikagua mwenyewe.

Mahindi asili yake ni Marekani ya Kati. Columbus alifika upande ule 1492. Vasco da Gama akatia nanga Malindi 1498, miaka sita tu baadaye. Sasa piga hesabu: siku ile Malindi, nani alikuwa ashakula ugali wa mahindi? Hakuna. Mahindi yalifika baadaye, kwa meli za Wareno na wafanyabiashara wa baharini. Hata jina linakuambia huyu ni mgeni. Mahindi, nafaka ya Hindi. Watu wa pwani waliona kimetoka ng'ambo ya bahari, wakakipa jina la ng'ambo waliyoijua.

Na si mahindi peke yake. Nyanya na maharagwe ya kawaida pia yametoka Marekani. Sukuma wiki ni ukoo mmoja na kabeji, imetoka upande wa Ulaya. Kwa hivyo githeri, chakula ambacho tunaapa nacho, ni wageni wawili ndani ya sufuria moja. Njahi ndio wenyeji wa zamani, na siku hizi ukizitaka unazilipia vizuri.

Wenyeji wa upande wa nafaka walikuwa wimbi na mtama. Mtama ulianza kulimwa kaskazini mashariki mwa Afrika maelfu ya miaka iliyopita. Wimbi ulitoka nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Hizo ndizo zilisagwa kwa jiwe, zikapikwa uji, zikasongwa ugali, zikachachushwa pombe. Nafaka moja ililisha mtoto, mgeni na mzee wa kikao.

Sasa ilikuwaje zikatolewa kwa sahani? Twende Kariakor.

Wengi wetu tunaijua Kariakor kwa nyama choma, viatu vya ngozi na viondo. Unakaa kwa benchi, nyama inakatwakatwa juu ya ubao, ugali mweupe unafika ukitoa moshi, kachumbari pembeni. Unakula ukisema hii ndiyo Kenya yenyewe. Lakini hebu tamka hilo jina polepole. Kariakor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi yao ilikuwa hapo. Dar es Salaam wana Kariakoo, na hadithi ni hiyo hiyo.

Kati ya 1914 na 1918 Waingereza walikuwa wanapigana na Wajerumani huku kwetu, upande wa Tanganyika. Barabara hazikuwepo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hivyo mzigo uliwekwa kwa kichwa cha mwanadamu. Kufikia 1917 vijana walikuwa wanakusanywa kijiji kwa kijiji, wengi kwa nguvu. Kwa jumla wapagazi waliotumikia Waingereza katika vita hivyo wanakadiriwa kukaribia milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, na kuhara kulikuwa miongoni mwa makubwa.

Na hapa ndipo chakula kinaingia. Mpagazi alipewa posho, na posho mara nyingi ilikuwa unga wa mahindi. Kuna waliokuwa wamezoea wimbi, wengine ndizi, wengine viazi. Wakapewa unga uliosagwa vibaya, usioiva vizuri kwa sababu kuni, vyombo na muda havikutosha, na tumbo likakataa. Hilo si neno langu tu, wanahistoria wameliandika: chakula chenyewe kilikuwa sehemu ya kilichowaua.

Vita vikaisha, posho haikuisha. Neno hilo maana yake ni mgao anaopewa mfanyakazi au askari. Mashamba ya walowezi yaliwalipa vibarua sehemu kwa unga, kwa sababu mahindi yalikuwa rahisi kulima kwa wingi, kusaga na kugawa. Hadi leo, kisiagi cha kijijini bango lake mara nyingi linasema "Posho Mill." Na ukivuka Busia uingie Uganda, ugali wenyewe unaitwa posho. Watu wanaagiza hotelini kwa jina la mgao wa kibarua, hakuna anayeshtuka.

Na weupe je? Mahindi ya zamani ya pwani yalikuwa ya rangi tofauti tofauti. Walowezi walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, maana viwanda vya wanga huko Uingereza vilitaka mahindi meupe. Soko la London likatuchagulia rangi. Baada ya uhuru, mbegu chotara ya Kitale, 611, ikatoka 1964 na mavuno yakapanda sana. Tukaipenda hiyo rangi hadi 1984, ukame ulipotuletea mahindi ya manjano kutoka Marekani, watu wakalalamika kwamba hicho ni chakula cha ng'ombe.

Sitaki kudanganya kwamba ni mzungu tu alitulazimisha. Mahindi yalikuwa na faida. Kukhu wangu, aliyezaliwa Vihiga kabla ya uhuru, ananiambia kazi yake ya utotoni ilikuwa kukaa shambani kufukuza ndege kwenye mabele, yaani mtama, kuanzia alfajiri. Hindi linakuja na koti lake, ndege wanapata taabu. Watoto walipoenda shule na wanaume wakaenda kutafuta kibarua, nani angebaki kupiga kelele shambani? Mama aliyebaki peke yake alichagua zao lisilohitaji mlinzi. Mimi simlaumu. Alikuwa anafanya hesabu.

Ninacholaumu ni aibu iliyofuata. Kukhu anasema zamani mkwe akija, obusuma wa wimbi ndio ulikuwa wa heshima. Miaka ya baadaye ikageuka: mgeni akija, ule wa wimbi unafichwa jikoni, mweupe unapelekwa mezani ili watu wasiseme hapa ni kwa maskini. Nilisoma bweni na nikaona kijana anaitwa mshamba mwaka mzima kwa sababu alisema kwao wanakula ugali mweusi na mrenda. Alipofika kidato cha pili alikuwa anasema kwao wanakula wali.

Leo daktari anamwambia mgonjwa wa sukari apunguze ule mweupe, na hoteli ya Westlands inauza ule mweusi kwa bei ya nyama. Managu, saga na terere, ambazo wengi waliziita magugu, zimepandishwa cheo baada ya watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango kutumia miaka mingi kuonyesha zilivyo na lishe. Vizuri. Lakini yule kijana hajawahi kuombwa msamaha.

Na tusisahau siasa. Tumefunga njaa yetu kwa nafaka moja hadi serikali inajua pa kutushika. Mwaka wa uchaguzi wa 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90. Mwaka wa uchaguzi wa 2022 ikashushwa hadi shilingi 100. Wimbi hauna mgombea.

Sijasema uache ugali mweupe. Mimi naula, na Kariakor nitarudi. Zaidi ya miaka mia moja ya kuupika imeufanya wetu, na wale wapagazi waliulipia kwa maisha yao. Lakini tuuite kwa jina lake. Na wenye hoteli, ukiandika "kiasili" kwa bango, wimbi usiwe wa kuongezewa pesa. Uwe ndio wa kwanza kwa menyu.

Sasa kazi ni yako. Wiki hii piga simu ocha, uliza mzee au nyanya yako swali moja: kabla ya mahindi, kwetu tulikuwa tunasonga nini? Niandikie jina hapa chini kwa lugha ya kwenu, na jinsi kilivyopikwa. Tuharakishe, maana wanaokumbuka wanapungua.