Chuma Si Kitu Kigeni Migori

Binamu yangu wa Homa Bay anataka kununua mashine ya miling aweke nyuma ya nyumba. Mjomba akamcheka: "Omera, hiyo ni kazi ya Wazungu na Wahindi. Sisi ni watu wa samaki." Nimekaa na hiyo kauli wiki nzima, wasee, na imekataa kuteremka.

Kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe za karne ya 16 hivi, zimepangwa bila saruji. UNESCO waliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kila mtu hupiga picha za kuta (hata mimi, msinicheke), lakini wachache huuliza kuhusu mahali pa kufulia chuma, karibu na boma la Kochieng. Watu walivuta mivukuto hapo kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Na majembe ya wahunzi wa Samia, kule Busia, yalithaminiwa hadi yakatolewa mahari.

Kwa hivyo watu wa chuma walikuwepo. Kilichowamaliza ni soko: majembe ya kiwandani yakaja kutoka Ulaya kwa bei ya chini, mhunzi akabaki wa kurekebisha tu. Baadaye jua kali ikafufua kazi kwa vyuma chakavu, lakini zaidi ni kukunja, kugonga na kuchomelea. Kukata kwa kipimo kamili kulibaki kwa wenye mashine. Ndiyo maana shafti ya mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ikiharibika kule Nyatike, mara nyingi inapandishwa matatu kutafuta fundi mbali.

Miling ndiyo inachonga kile kijimfereji cha shafti kinachozuia puli kuzunguka peke yake. Leithi huzungusha chuma. Hii huzungusha kisu, chuma kimefungwa kwa jiliwa. Ile Bridgeport maarufu ya Marekani, ya mwaka 1938, ina uzito wa karibu tani moja. Hizi ndogo za Kichina ni kilo 50 hivi, zinapita mlangoni na zinatumia stima ya nyumba.

Shida ni huo wepesi. Kisu kikiuma sana, mashine inatetemeka na chuma kinatoka na mawimbi. Kuta za Thimlich zimesimama kwa uzito na kwa mawe kushikana, na mashine ni vivyo hivyo. Nilimwambia binamu: chukua nzito kabisa unayoweza kubeba, ifunge kwa bolti kwenye meza ya zege, kata chuma kidogo kidogo, hata nusu milimita. Usimalize pesa yote kwa mashine, maana jiliwa, visu na saa ya kupimia havijiji bure. Halafu swichi. Stima ikipotea katikati ya kazi kisha irudi ghafla, mashine isijiwashe mkono wako ukiwa hapo. Na glavu vua, kisu huzivuta pamoja na vidole.

Jumamosi tunaenda Kisumu kuangalia moja ya mitumba. Mjomba anakuja pia, ati kututazama tu. Lakini nimeona amefunga puli ya posho mill yake kwenye gunia.