Abdurrahman bin Auf na Chakula Alichokiacha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Siku moja Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliletewa chakula naye amefunga. Akamkumbuka Mus'ab bin Umair (r.a.). Akasema kuwa Mus'ab aliuawa, naye alikuwa bora kuliko yeye, na sanda yake ilikuwa nguo moja tu: wakimfunika kichwa, miguu inabaki wazi, wakimfunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Akamtaja na Hamza (r.a.), naye pia akasema alikuwa bora kuliko yeye. Kisha akaeleza hofu yake kwamba labda malipo ya mema yao wao waliobaki yameharakishwa hapahapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula. Habari hii imepokewa kwa mwanawe Ibrahim, nayo imo katika Sahihi ya Imam Bukhari.

Tunapoisoma habari hii madrasa, vijana huuliza: mashahidi wameshafuzu, sasa mzee huyu analia nini? Ili tulijibu swali hilo, inafaa kwanza tumjue mwenyewe.

MTU WA SOKONI

Abdurrahman alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Bani Zuhra, na ni katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Alihamia Habash, kisha Madina katika mwaka 622. Huko Mtume (s.a.w.) alimuunganishia udugu na Sa'd bin Rabi' (r.a.), tajiri katika Answari. Sa'd akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka katika mali yake, kisha akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe soko liko wapi.

Akaenda katika soko la Bani Qainuqaa, akaanza kuuza jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akaoa, na mahari aliyotoa ni dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Mtume (s.a.w.) akamuagiza afanye walima, japo kwa kuchinja mnyama mmoja. Biashara ndiyo kazi aliyoijua na kuipenda, na kwayo akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina.

MTU WA VITANI

Lakini mfanyabiashara huyu alipigana Badr, mwaka wa 2 Hijria (624), na Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625).

Katika Badr alijaribu kumuokoa Umayya bin Khalaf, ambaye walikuwa wameandikiana ahadi ya kulindiana mali. Bilal (r.a.), aliyewahi kuteswa na Umayya huyo huyo kule Makka, alimuona akaita watu. Abdurrahman alijilaza juu ya Umayya ili amkinge, lakini haikufaa kitu. Umayya aliuawa, na upanga mmoja ukamkata Abdurrahman mguuni. Miaka mingi baadaye alikuwa akiwaonyesha jamaa zake alama ile juu ya unyayo wake. Tuzingatie hapa: alama aliyoionyesha haikutokana na upanga wa adui, wala hadithi yake haikuwa ya kujisifu. Ilikuwa ni habari ya mtu aliyeshindwa kumuokoa.

Katika Uhud waliuawa Waislamu wapatao 70. Aliuawa Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.). Aliuawa Mus'ab, aliyebeba bendera siku ile, na ambaye kabla ya Hijra alitumwa Madina kuwa mwalimu wa Qur'an. Na aliuawa Sa'd bin Rabi', yule yule aliyetaka kugawana mali yake na ndugu yake. Abdurrahman alirudi akiwa hai. Vitabu vya sira vinataja majeraha zaidi ya 20, na kwamba baada ya hapo alikuwa akichechemea.

JAWABU LA VIJANA

Sasa turudi kwenye kile chakula. Mus'ab alilelewa Makka katika neema, mavazi mazuri na manukato. Akayaacha yote, akafa kabla mali haijaingia Madina, na miguu yake ikafunikwa kwa majani. Abdurrahman aliingia Madina mikono mitupu, akaishi mpaka mali ikamfuata. Kila mmoja alimalizia pale mwenzake alipoanzia.

Kwa hiyo hakuwa akiwalilia wao. Alikuwa akijililia mwenyewe. Hakuona kwamba alinusurika kwa sababu alikuwa bora. Aliona umri na mali aliyopewa baada yao ni deni, na ataulizwa.

Na deni hilo hakulilipa kwa machozi peke yake. Alifariki Madina mwaka wa 32 Hijria (kiasi cha 652), akazikwa Baqii. Imepokewa kwamba aliusia kila aliyebaki hai katika watu wa Badr apewe dinari 400. Siku ya Badr walikuwa zaidi kidogo ya 300. Walipohesabiwa kwa ajili ya wasia ule walikuwa 100.

TUNAJIFUNZA NINI

Wazazi na wanafunzi, nchi zetu hizi zimepita katika vita vingi. Katika mitaa yetu wapo watu waliorudi vitani, na wengine hunyamaza ghafla chakula kikiwa mbele yao. Tusiwacheke, wala tusiwalazimishe kusimulia ushujaa. Wakitaja jina la mwenzao, tulisikilize jina hilo. Kisha tuulize: aliacha mjane? Aliacha yatima? Wanakula nini leo?

Abdurrahman aliwakumbuka wenzake kwa kinywa, kwa macho na kwa mkoba wake. Sisi tuliokaa kwa amani tunashindwa na nini?

Tunamuomba Allah (S.W.) awaridhie Masahaba wote, na atujaalie kuwa wenye kushukuru neema ya uhai. Amin.

Wallahu aalam.