Yocto: dogo lenye tumbo kubwa

Gawanya gramu moja mara trilioni, kisha kila chembe uigawanye tena mara trilioni. Hiyo ndiyo yoktogramu. Atomu moja ya haidrojeni ina takriban yoktogramu 1.67. Kiambishi “yokto” (yocto) kiliidhinishwa kimataifa mwaka 1991, kikitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nane, kwani moja hugawanywa kwa elfu mara nane.

Mwaka 2010 shirika la Linux Foundation lilitangaza Mradi wa Yocto, ulioazima jina la kiambishi hicho, wa kuunda mifumo ya uendeshaji ya Linux kwa vifaa kama ruta na vidhibiti vya mitambo, ambavyo kumbukumbu yake ni haba.

Msamiati wa mradi huu ni wa jikoni. Programu yake kuu, BitBake, husoma “mapishi”: mafaili yanayoeleza msimbo utatoka wapi, una leseni gani na unategemea nini. Fundi akiandika bitbake core-image-minimal, hupata mfumo unaoweza kuwaka tu, bila madoido.

Kichekesho ni kwamba uokaji wa kwanza huchukua saa kadhaa na makumi ya gigabaiti za diski, maana hata kikusanyi cha msimbo hujengwa upya.