Geuza Bakuli, Tazama Kitako

Ukiambiwa chombo fulani ni cha Mchina wa kale, usianze na maua yake. Kigeuze kwanza, utazame kitako. Maua huigwa. Hata mhuri wa mfalme huigwa: wafinyanzi wa China wenyewe, kwa kuwaheshimu wa zamani, waliandika majina ya wafalme waliokufa miaka 200 nyuma. Lakini kitako kinaonyesha udongo wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya bakuli moja la kwetu Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ambalo marehemu bibi alirithi kwa mama yake. Mjomba anadai ni la nasaba ya Ming, kwa hiyo tukiuza tutajenga nyumba ya bati. Mnunuzi wa vitu vya kale aliyepita Mbinga akasema ni takataka ya dukani, kisha akataja bei ya kuku wawili. Ukoo umegawanyika. Mimi nasema, kabla ya kugombana tujue ni la lini.

Ming walitawala kuanzia 1368 hadi 1644. Vyombo vya enzi hiyo, na vya kabla yake, vilifika pwani yetu kwa wingi. Vipande vyake vimepatikana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na pale Kunduchi makaburi ya nguzo yalipambwa kwa mabakuli ya namna hiyo. Vilipita mikono ya wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi. Siyo lazima Mchina aje navyo mwenyewe.

Bakuli letu ni jingine. Udongo wake una ukijivu. Maua ya bluu yanajirudia sawasawa, maana yake yaligongwa kwa mhuri, hayakuchorwa kwa brashi. Ndani, katikati, kuna duara kavu lisilong'aa. Hapo ndipo siri ilipo: mabakuli yalipangwa tanurini moja juu ya jingine, na mahali pa kugusana palifutwa rangi ya kung'arisha ili yasigandane. Hiyo ni kazi ya matanuri ya kusini mwa China, hasa Fujian, wakati wa nasaba ya Qing, karne ya 18 na ya 19. Vilikuwa vyombo vya bei nafuu, vya watu wa kawaida kulia chakula.

Wala si kila sahani ya zamani ni ya China. Karne hiyohiyo ya 19 pwani ilipokea sahani za Ulaya, zikiwemo za kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi. Hizo mara nyingi zina jina la kiwanda mgongoni. Na ukikuta jina la nchi kwa Kiingereza, jua kwa kawaida ni chombo cha baada ya 1890, Marekani ilipotunga sheria ya forodha iliyodai bidhaa ziandikwe zilikotoka.

Basi mjomba hakupata, na mnunuzi naye hakupata. Lakini karne ya 19 ina maswali yake, bwana. Bibi alikuwa akisema tu, "Lilitoka Kilwa." Ukimwuliza lililipiwa nini, anainuka kwenda kuosha vyombo.

Njia ya Kilwa tunaijua. Misafara ilitoka Kilwa Kivinje, ikatembea wiki nyingi hadi ziwani. Wengine walivuka kwa majahazi mpaka Nkhotakota, kwa Jumbe. Ilikuja na nguo, shanga, baruti na bunduki. Ilirudi na pembe za ndovu na watu. Sehemu kubwa ya watumwa waliouzwa soko la Unguja, kabla halijafungwa 1873, walipitia Kilwa, na wengi walitoka huku kwetu Nyasa. Chombo kilichopanda kwa njia hiyo kililipiwa kwa kitu kilichoshuka kwa njia hiyo. Inaweza kuwa pembe. Inaweza kuwa mtoto wa mtu.

Ndiyo maana sikubali liuzwe kimyakimya, si kwa bei ya kuku wala kwa bei ya nyumba. Kwanza kuna sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Bakuli letu linaweza kuwa upande huu au ule wa mwaka huo. Makumbusho ya Majimaji hayako mbali, yapo Songea, tukaulize.

Pili, wazee waliosikia masimulizi ya bibi bado wapo. Waulizwe sasa, na majibu yaandikwe, hata yale ya aibu: nani alilileta, alipita wapi, alitoa nini. Bakuli likivunjika, vipande vyake bado vitasema ni la Fujian. Lakini hakuna kipande kitakachosema ni nani aliyeshuka Kilwa ili sisi tulirithi.